Bain-marie: hilo bafu ni la Maria gani?

Leo naweka kando siasa na mpira, nataka tuzungumzie neno moja tu la jikoni. Neno lenyewe linaandikwa bain-marie, na kwa midomo yetu linatoka benmari. Ukifungua kitabu cha kuoka keki na pudini, ukipita jiko la hoteli kubwa, au ukisoma orodha ya bei za vifaa vya mgahawa, utakutana nalo. Wengi wanalijua kama jina la mashine ya kuwekea chakula kwenye bafe na basi. Kumbe maana yake ni pana zaidi, na historia yake inaanzia Afrika hii hii, tena kwa mwanamke.

Tuanze na maana. Kwa Kifaransa bain ni bafu, au maji ya kuogea. Marie ni Maria. Kwa hiyo neno kwa neno ni "bafu la Maria". Wapishi wanalitumia kwa njia ya kupika, kuyeyusha au kutunza kitu kikiwa cha moto bila chombo chake kuguswa na moto wenyewe. Kitu kiko kwenye bakuli, bakuli limekaa ndani ya maji ya moto au juu ya mvuke wake, na sufuria ya maji ndiyo iliyo jikoni. Ndiyo hivyo tu. Chombo chenyewe nacho kinaitwa hivyo hivyo. Wafaransa wakitaka kusema vingi wanaandika bains-marie, ile s ya wingi inakaa kwenye bafu, kwa Maria haigusi. Mabafu yanaweza kuwa mengi lakini Maria ni mmoja.

Sasa mtu atauliza, kwa nini kuhangaika na maji wakati moto upo? Jibu ni tabia ya maji. Moto wa mkaa au wa gesi unafika mamia ya nyuzi joto na hauna breki. Maji yana breki. Hapa Dar tulipo usawa wa bahari, maji yakifika nyuzi 100 yanachemka na hayapandi tena, hata ukimwaga gunia zima la mkaa. Joto la ziada lote linaondoka na mvuke. Kwa hiyo kitu kilichokaa kwenye bafu la maji hakiwezi kupata joto kuzidi hapo, labda maji yaishe. Na ukipanda milimani breki inakamata mapema zaidi: Arusha mjini, ambako ni karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi kama 95, na Nairobi kwenye kama 94.

Yai ndilo linaloonyesha faida yake vizuri. Ute unaanza kuganda kwenye nyuzi 60 na kitu, kiini kinafuata kati ya 65 na 70. Ukichanganya mayai na maziwa na sukari unapata mchanganyiko unaovumilia zaidi kidogo, lakini ukishapita kama 85 unakatika, unabaki na mabonge ya yai yanaelea kwenye majimaji. Juu ya moto mtupu huo mpaka unauruka ndani ya sekunde chache, chini kumeshaungua na juu bado ni maziwa. Ndani ya maji joto linaingia polepole na kutoka pande zote. Chokoleti nayo ni hivyo hivyo. Inayeyuka kwenye joto linalokaribia la mwili wa binadamu (ndiyo maana ikikaa mfukoni inakuharibia suruali), kwa hiyo haihitaji moto, inahitaji mvuke tu. Ila hapo pana mtego: tone moja la maji likiingia kwenye chokoleti inayoyeyuka, inakakamaa na kuwa kama udongo. Bakuli liwe pana kuliko sufuria ili mvuke usipenye pembeni, na maji yasiguse kitako cha bakuli.

Kilichonifanya nikae chini kuandika haya ni hiki. Kuna jamaa yangu, tumemaliza naye kidato cha nne, aliitwa kwenye usaili wa msaidizi wa jiko kwenye hoteli moja ya kitalii, jina naliacha. Kati ya maswali akaulizwa, unajua kutumia bain-marie? Akasema hapana, hajawahi kuiona. Ikaandikwa, na kazi akapewa mwingine.

Sasa wadau, mama yake huyo jamaa anauza pudini ya mayai tangu sisi tuko shule ya msingi. Ile pudini yenye sukari iliyounguzwa chini, ambayo watu wa pwani hawafuturu vizuri bila kuiona. Anaunguza sukari kwenye bati, anamimina mayai na maziwa na hiliki, anatandika kitambaa chini ya sufuria kubwa, anaweka bati juu yake, anatia maji ya moto mpaka nusu ya kimo cha bati, anafunika. Na aliyekuwa anakaa pale kuangalia maji yasikauke na moto usizidi ni nani? Ni huyo huyo jamaa. Ana uzoefu wa benmari kuliko nusu ya waliomaliza kozi, ila hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kitambaa na sufuria ya mama kina jina la Kifaransa. Wafaransa wenyewe hiyo pudini wanaiita crème caramel na wanaipika vile vile, tofauti ni oveni tu.

Na si pudini peke yake. Mama anayetumbukiza chupa ya maziwa ya mtoto kwenye bakuli la maji ya moto anafanya benmari. Anayelainisha asali iliyoganda kwa kuweka chupa kwenye maji ya uvuguvugu, vile vile. Mafundi seremala wa zamani waliotumia gundi ya ngozi na mifupa walikuwa na kopo ndani ya kopo, la nje maji, la ndani gundi, maana gundi ile ikiungua haishiki tena. Na hawa dada zetu wanaojifunza kutengeneza mishumaa nyumbani, nawaomba sana hili walizingatie: nta haiwekwi kwenye sufuria juu ya moto moja kwa moja. Nta iliyozidi joto inashika moto kama mafuta ya taa, na ukiimwagia maji unaongeza balaa. Chombo cha nta kikae ndani ya maji, basi.

Haya, sasa Maria ni nani? Hapa ndipo panaponoga.

Turudi nyuma kama miaka 1,800 hivi, Misri, wakati Misri iko chini ya Warumi na wasomi wake wanaandika Kigiriki. Mji wa Aleksandria ulikuwa bandari kubwa, na Wayahudi walikuwa wengi pale. Kulikuwa na watu waliojishughulisha na alkemia, ile elimu ya kutafuta namna ya kugeuza madini ya kawaida yawe dhahabu. Dhahabu hawakuipata, lakini katika kuhangaika huko walibuni vyombo na njia ambazo zimezaa kemia tuliyosomeshwa shuleni. Kati yao alikuwepo mwanamke anayejulikana kama Maria Myahudi. Aliishi kati ya karne ya 1 na ya 3, na wengi wanamweka hapo Aleksandria.

Kitabu chake kizima hakijabaki hata kimoja. Tunamjua kwa sababu ya mtu aliyekuja baada yake, Zosimos wa Panopolis, mji wa Misri ya juu ambao leo unaitwa Akhmim. Huyu aliandika karibu mwaka 300, na kila mara anamtaja Maria kama mwalimu, kwamba Maria alisema hivi, Maria alielekeza vile. Kwa zama zile mwanamume msomi kumtegemea mwanamke namna hiyo si jambo dogo.

Kitu kimoja alichoelekeza ni mtambo wa kukeneka, yaani wa kuchemsha kitu na kukusanya mvuke wake ukiwa matone, wenye mirija mitatu ya shaba. (Wanaofahamu mtambo wa gongo wataelewa mara moja, kanuni ni ile ile.) Sasa angalia alivyoeleza unene wa shaba ya mirija hiyo: iwe nene kidogo kuliko kikaango cha mpika vitafunwa. Na viungio vya mirija vizibwe kwa unga uliokandwa. Mimi niliposoma hapo nikacheka peke yangu. Huyu mama wa kemia alipotaka kueleweka alichukua mfano jikoni! Alijua kila anayemsikiliza amewahi kushika kikaango. Kwa hiyo neno benmari lilipokuja kuingia jikoni kwa Wafaransa, lilikuwa linarudi nyumbani.

Lakini tusimpe sifa ambazo si zake, maana kwenye mtandao utakuta wanaandika "Maria ndiye aliyegundua benmari" kama vile kuna cheti. Njia yenyewe ni ya kale kuliko yeye. Theophrastus, Mgiriki wa karne ya 4 kabla ya Kristo, anaeleza watengeneza manukato walivyopika mafuta yao kwenye vyombo vilivyosimama ndani ya maji ili harufu isiungue. Na Cato, Mrumi aliyeandika kitabu cha kilimo katika karne ya 2 kabla ya Kristo, anatoa pishi la keki inayomiminwa kwenye chungu, chungu kinatumbukizwa kwenye sufuria ya shaba yenye maji ya moto, ikishaiva chungu kinavunjwa ndipo wanakula. Hao wote walikuwa wameshakufa zamani kabla Maria hajazaliwa. Kwa hiyo Maria hakuanzisha. Jina lake lilishika kwa sababu waliomfuata walimheshimu kuliko wote katika mambo ya kutumia joto kwa kipimo, na walipotafuta jina la bafu hilo wakampa yeye.

Safari ya neno ilikuwa ndefu. Maandishi ya alkemia ya Kigiriki yalifasiriwa kwa Kiarabu, na Waarabu wakayaendeleza sana. Neno kemia lenyewe limepitia kwao. Kuanzia karne ya 12 Wazungu wakaanza kuyafasiri kwa Kilatini. Kwa Kilatini cha zama za kati bafu letu likawa balneum Mariae, na kutoka hapo Wafaransa wakapata bain-marie. Kwanza lilikuwa neno la wataalamu wa dawa, waliokuwa wanatengeneza marhamu na kukeneka maji ya maua. Hata mwaka 1617 Mjerumani Michael Maier alipotoa kitabu chake cha wenye hekima 12 wa alkemia, Maria Myahudi alikuwa mmoja wao, na kachorwa amesimama akionyesha kwa kidole mvuke unaounganisha vyombo viwili.

Zipo hadithi nyingine za asili ya jina. Wapo wanaosema ni Bikira Maria, kwa sababu joto lake ni la upole kama mama. Ni maelezo matamu, na yanapendeza kusimulia, lakini neno limepita mikononi mwa wana-alkemia, na hao walikuwa na Maria wao wanayemjua vizuri. Wapo pia waliosema ni Miriamu dada yake Musa, na hii imetokana na wana-alkemia wenyewe, ambao walipenda kumpa mwalimu wao ukoo mkubwa. Wengine wakasema ni bafu la bahari, maana kuna maandishi ya Kilatini yenye maris, ya bahari, badala ya Mariae. Mimi naona hayo ya bahari ni watu waliosikia jina wasilolielewa wakaliweka sawa na lile wanalolielewa, kama sisi tunavyofanya na maneno ya kigeni kila siku.

Angalia na majirani wa Wafaransa. Mhispania anasema baño María, Mwitaliano bagnomaria, Mreno banho-maria. Wote wamemwacha Maria akae. Mjerumani ndiye kamwondoa, anasema Wasserbad, bafu la maji, hana muda wa hadithi. Kule Brazil ukisema jambo limewekwa banho-maria unamaanisha linacheleweshwa makusudi, halikataliwi wala halifanywi. Kuna ofisi kadhaa hapa mjini ningezipendekezea msemo huo.

Kwa nini basi tunalitumia la Kifaransa na si la Kiitalia? Ni kwa sababu majiko makubwa ya Ulaya yalipangwa na Wafaransa. Wao ndio waliopenda zaidi sosi za mayai na siagi, kama ile ya hollandaise, ambazo zikizidi moto zinakatika na zikipoa zinaganda. Ikabidi kuwe na mahali pa kuzisimamisha saa nzima zikingoja mlaji. Ndiyo wakawa na bafu refu la maji ya moto na ndani yake vijisufuria virefu vyembamba vimepangwa, kila kimoja na sosi yake. Auguste Escoffier, aliyeishi 1846 hadi 1935, aliyapanga mapishi hayo kwenye kitabu chake Le Guide culinaire cha mwaka 1903, na hoteli za dunia nzima zikafuata pamoja na maneno yake. Wenzetu wa Bujumbura na Lubumbashi waliosoma kwa Kifaransa neno hili haliwapi shida. Sisi wa huku ndio linatujia kwenye usaili.

Lile bafu la sosi ndilo babu wa mashine unayoiona leo kwenye kantini na hoteli, sanduku la chuma lenye maji ya moto chini na matundu ya kuwekea mabakuli juu. Na vile vyombo vinavyong'aa vya kwenye harusi, vyenye maji chini na vikopo vya moto mdogo wa buluu, navyo ni benmari. Hapa naomba tusikilizane, maana si suala la historia tena.

Benmari ya bafe imetengenezwa kutunza chakula kilicho moto. Haikutengenezwa kupasha chakula kilichopoa. Shirika la Afya Duniani linasema chakula kilichopikwa kikisubiri kuliwa kikae juu ya nyuzi 60, kwa sababu kati ya 5 na 60 vijidudu vinazaliana kwa raha zao. Ukiweka wali wa moto kwenye benmari yenye maji ya moto, unabaki juu ya 60 na vijidudu havipati nafasi. Ukiweka wali uliopoa, ule upole wote niliousifia hapo juu unageuka kuwa adui, kwani joto linapanda taratibu mno na chakula kinakaa saa nzima au zaidi kwenye vuguvugu. Wali ndio mbaya zaidi kuliko watu wanavyodhani. Kuna bakteria anaitwa Bacillus cereus, mbegu zake hazifi wali unapopikwa. Wali ukikaa nje masaa mengi zinachipua, na moja ya sumu anazotoa haiharibiki hata ukiupasha wali tena mpaka utoe moshi.

Niliwahi kufanya kibarua cha kugawa chakula kwenye sherehe, kampuni naiacha bila jina. Pilau ilipikwa asubuhi, ikakaa kwenye masufuria mpaka jioni. Saa moja usiku msimamizi akaamuru imiminwe kwenye vile vyombo, maji ya bomba yakawekwa chini, yaani ya baridi, vikopo vikawashwa. Baada ya nusu saa wageni wakaitwa. Mpishi mmoja mzee alisema pale pale, "Hii haijapata moto, tuirudishe jikoni," akajibiwa mvuke si unauona? Mvuke ulikuwepo, ndiyo, ila wa maji ya pembeni. Kesho yake tukasikia wageni kadhaa wameshinda chooni, na bibi mmoja alitundikiwa dripu. Lawama zilikwenda kwenye kachumbari.

Kwa hiyo mwenye shughuli mtarajiwa, siku ukienda kukagua, angalia vitu hivi. Maji ya chini yawekwe yakiwa yameshachemka. Chakula kitoke jikoni kikiwa cha moto kabisa, kiingie humo moja kwa moja. Mifuniko ifungwe muda wote hakuna anayepakua. Maji yakipungua yaongezwe ya moto. Na kilichopoa kirudishwe kwenye jiko la kweli kwanza, ingawa kwa wali uliolala nje kutwa nzima hata hilo halisaidii, umwagwe tu japo inauma.

Bado najiuliza kwa Kiswahili tuiiteje. Nimeuliza watu wachache, mmoja kaniambia kwao wanasema "kupika sufuria mbili", mwingine "kuweka majini", na mama wa pudini alinitazama tu akasema, "Si kupika, mwanangu, kwani unataka kuita nini?" Mwenye jina la kwao alilete tulione. Naomba kuwasilisha.